Mechi za mtoano za vyuo zichezewe wapi: kwa aliyemaliza juu, uwanja huru, au mji ule ule kila mwaka?

Kuna jamaa yangu hapa Cedar Rapids, Iowa, Mkongomani wa Bukavu, tunakutana kila jumapili baada ya misa, yeye yupo ofisi ya michezo ya chuo kimoja kidogo huku. Juzi kanivuta pembeni anasema ndugu yangu, wewe si unafuatilia sana haya mamichezo ya vyuo, hebu nisaidie. Umoja wao una vyuo nane, wana mashindano ya kikapu ya kufunga msimu, wanaume na wanawake, na kamati imeshakaa vikao viwili haijaelewana mechi zichezewe wapi. Kundi moja linataka aliyemaliza juu kwenye msimamo aandae kwake, la pili linataka ukumbi wa kukodi ambao sio wa chuo chochote, alafu kuna wazee wawili watatu wanataka uchaguliwe mji mmoja uwe ndo nyumbani kwa mashindano miaka yote bila kuhamahama. Nikamwambia nitakuandikia, nikakaa nikajikuta nimeandika gazeti, kwaiyo nimeona niliweke hapa hata wengine wenye ligi zao za vyuo walisome.

Nilichomwambia mwanzo kabisa ni asijisumbue kutafuta NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, wanafanyaje ili aige, kwa sababu NCAA wenyewe hawana njia moja. Kikapu cha wanawake raundi mbili za kwanza zinachezwa vyuoni, kikapu cha wanaume timu hairuhusiwi kucheza kwenye uwanja wake, besiboli inaanzia vyuoni inaishia Omaha kila mwaka, softiboli inaishia Oklahoma City. Na hata umoja mmoja mmoja ni hivo hivo, Patriot League kwenye kikapu wanacheza kwa mwenye nafasi ya juu mpaka fainali, wakati Missouri Valley wanaume wao wako St. Louis tangu 1991. Wote wana akili timamu, ila kila mmoja anatibu ugonjwa wake.

Tunapima kwa vitu gani

Mimi naangalia vitano. Haki kwanza. Wabongo hatuhitaji kufundishwa faida ya uwanja, ndo maana watu wa Simba wakasema kwa Mkapa hatoki mtu. Ila swali sio kama uwanja wa nyumbani unasaidia, unasaidia, swali ni huyo anayesaidiwa kaipataje hiyo faida. Kama kaipata kwa kushinda mechi zake msimu mzima hiyo ni zawadi, kama kaipata kwa sababu tu ukumbi uliokodiwa upo jirani na kwao hiyo ni bahati, na kama kaipata kwa sababu ana hela ya kuiwekea kamati mezani basi tunaongelea kitu kingine.

Pili ni watu kwenye viti. Mechi ya mtoano yenye watu mia tatu kwenye ukumbi wa elfu kumi inatia huruma, hata wachezaji wenyewe unawaona wamepoa.

Tatu hela, yaani nani analipa ukumbi na mapato ya mlangoni yanaenda wapi. Nne ni kitanda na safari, na hiki ndo watu wanakisahau mpaka kinawaumbua. Tano ni muda, kwamba unajua lini mechi itakuwa wapi, miaka miwili kabla au siku nne kabla, kwa sababu kila kitu kingine kwenye orodha kinategemea hapo.

Njia ya kwanza: aliyemaliza juu aandae kwake

Haki. Hapa ndo njia hii inapotamba. Kikapu cha wanawake tangu 2015 timu 16 za juu ndo zinaandaa, kila moja inapokea wageni watatu, mnacheza raundi mbili hapo hapo na mmoja anabaki. Msimu mzima unakuwa na maana, maana ile mechi ya jumatano usiku mwezi wa kwanza, baridi kali, ambayo timu ingeweza kuichezea kivivu, ndo inaweza kukuamulia kama mwezi wa tatu utalala kwako au utapanda ndege. Kwenye futiboli ya Kimarekani waliivuta njia hii walipopanua mtoano wao kwenda timu 12 msimu wa 2024, timu zilizopangwa namba 5 mpaka 8 wakaandaa raundi ya kwanza, na wenyeji wote wanne wakashinda, Notre Dame, Penn State, Texas na Ohio State, hakuna aliyeshinda kwa tofauti ya chini ya pointi 10. Watu wakapiga kelele kwamba hii sio mechi ni adhabu. Mwaka uliofuata Miami akaenda Texas A&M akashinda, Alabama akaenda Oklahoma akashinda, kelele zikapungua.

Na wanaosema nyumbani ni kama umeshashinda waulizeni watu wa Iowa. Machi 2022 Iowa ya kina Caitlin Clark ilikuwa mwenyeji pale Iowa City, ukumbi wa watu karibu 15,000 umejaa, wakatolewa na Creighton 64 kwa 62, tena aliyepiga ile pointi tatu ya kuwageuzia kibao ni Lauren Jensen, binti aliyekuwa Iowa msimu uliotangulia kabla hajahama. Huku mpaka leo ukiitaja hiyo mechi watu wanabadilisha mada. Mwaka uliofuata Stanford na Indiana, kila mmoja namba 1 kwenye kundi lake, wote nyumbani kwao, wakatolewa raundi ya pili. Kwaiyo uwanja unasaidia ila haufungi vikapu.

Shimo la haki lipo kwingine. Timu ya sita au ya saba ambayo ukweli ni nzuri, ila ratiba yao ilikuwa ngumu au majeruhi waliwaandama, haitakaa iandae, na kwenye umoja wa vyuo nane utakuta ni vyuo viwili vile vile vinaandaa miaka kumi mfululizo. Besiboli wanalijua hili, wana vituo 16 vya mwanzo na karibu vyote vinaangukia kusini na magharibi kwenye joto, kwa sababu msimu unaanza katikati ya mwezi wa pili na timu za kaskazini zinatumia wiki za mwanzo zote ugenini huku kwao theluji imefunika uwanja. Ukianza msimu ugenini, utamaliza juu saa ngapi.

Watu. Hakuna njia inayoishinda hii, hata tusibishane. Wanafunzi wanatoka bwenini wanatembea kwa miguu, wazee wa mji wana viti vyao vya msimu, bendi ipo, washangiliaji wapo. Desemba 2024 Ohio State na Tennessee baridi chini ya sifuri na uwanja wa watu laki moja na zaidi umejaa, tena wageni nao wamekuja na jezi zao za rangi ya chungwa tele. Huwezi kuinunua ile hali kwenye ukumbi wa kukodi.

Hela. Ukumbi upo, taa zipo, mtu wa kubadilisha ubao wa matokeo ni mwajiriwa wa chuo. Gharama inashuka sana. Jihadharini na kitu kimoja tu, kwenye baadhi ya michezo chuo kinatakiwa kiombe kuandaa na kiahidi kiasi fulani cha mapato, na hapo mlango wa mwenye hela unafunguka kidogo. Kama mnataka njia hii iwe ya haki andikeni mapema kwamba msimamo ndo unaamua, hela zisiulizwe.

Vitanda na safari. Hapa ndo inapoponza. Unajua jumapili usiku, wageni wanafika jumatano au alhamisi. Mji wa chuo ni mdogo, hoteli za kuhesabika, na mwezi wa tatu kila mtu ana shughuli. Machi 2024 Gonzaga walikuwa wenyeji wa wanawake kule Spokane, Washington, wikiendi ile ile mji huo huo una mechi za mtoano za wanaume na mashindano makubwa ya voliboli ya vijana, vyumba vikaisha. Timu ya Utah ikapelekwa kulala Coeur d'Alene, jimbo jingine kabisa, Idaho, kama kilomita 50. Jioni wakitembea kwenda kula wakatukanwa matusi ya kibaguzi na watu kwenye magari, mabinti wakaogopa, ikabidi wahamishwe hoteli. Hebu fikiria, wewe umejiandaa mwaka mzima kwa mechi hiyo alafu usiku wa kuamkia unafungasha mabegi. Waliopanga hawakuwa na nia mbaya, vyumba tu ndo havikuwepo, lakini kwa aliyelala huko haina tofauti.

Mimi mwenyewe nilishawahi kujitolea kwenye mashindano ya chuo kimoja, sikitaji, timu ya wageni imefika saa mbili asubuhi, mwenye funguo za chumba cha kubadilishia nguo yuko kwenye ubatizo wa mjukuu wake mji mwingine. Wachezaji wakavalia darasa la kemia. Kocha wao alikuwa mstaarabu sana ila lile jicho alilonipiga sijalisahau.

Muda. Mfupi, ndo hivo. Ila unaweza kuupunguzia makali, NCAA kwenye kikapu cha wanawake wanatangaza orodha ya muda ya timu 16 bora kabla msimu haujaisha, kwaiyo vyuo vinavyonusa nafasi vinaanza kushika hoteli mapema. Nyie wa vyuo nane ni rahisi zaidi, wiki mbili kabla mnajua ni watatu gani wanaweza kuongoza, waambieni wote watatu washike vyumba kwa masharti ya kuviachia.

Inamfaa nani: umoja wenye bajeti ndogo, wenye mashabiki wa kutembea kwa miguu, na unaotaka mechi za msimu zisiwe za kukamilisha ratiba.

Njia ya pili: uwanja huru, umepangwa miaka kabla

Haki. Kwenye karatasi hii ndo ya haki kuliko zote, hakuna mwenye nyumba. Kikapu cha wanaume timu 68, miji inaomba, inachaguliwa miaka kabla, Oktoba 2020 kwa mfano NCAA walitangaza wenyeji wa michezo karibu yote mpaka msimu wa 2025-26 kwa mkupuo. Kamati inajitahidi timu za juu zisisafiri mbali na zisirushwe mdomoni mwa mashabiki wa mpinzani raundi ya kwanza. Na wana vitu vidogo vidogo vya kukumbuka, kama BYU, chuo cha Wamormoni, ambao kwa imani yao hawachezi jumapili, lazima wapangwe kituo cha alhamisi na jumamosi.

Ila ramani haina huruma na karatasi. Hadithi ninayoipenda ni ya 2017. Raundi za kwanza zilikuwa zichezwe Greensboro, North Carolina, kule ambako Duke ni kama sebuleni. North Carolina ikapitisha ile sheria yao ya vyoo iliyoitwa HB2, ya kuwabana watu waliobadili jinsia watumie choo cha jinsia waliyozaliwa nayo, NCAA wakachukia, wakazihamisha mechi kwenda Greenville, South Carolina, jimbo ambalo lenyewe lilikuwa limefungiwa miaka kwa sababu ya bendera ya Shirikisho la Kusini iliyokuwa ikipepea kwenye uwanja wa bunge lao mpaka 2015. Sasa nani kapangwa Greenville? Duke namba 2, na South Carolina namba 7. Mpango wote uliokuwa umkae Duke vizuri ukageuka, South Carolina anacheza mbele ya watu wake, kashinda 88 kwa 81, kaenda mpaka nne bora. Hakuna aliyeiba kitu hapo, kila kitu kilifuata utaratibu, na bado namba 7 alikuwa mwenyeji wa namba 2. Duke hakuwa na wa kumlalamikia maana kama wangebaki Greensboro yeye ndo angekuwa na watu.

Ndo maana nasema uwanja huru hauondoi faida ya nyumbani, unaigeuza bahati nasibu. Hoki ya barafu nako vile vile, chuo kinaomba kuwa mwenyeji wa kituo kwenye ukumbi wa mji wa jirani, na kikifuzu kinapangwa hapo hapo. North Dakota wa Grand Forks anachezea Fargo, saa moja na kitu kwa gari, tunaambiwa ni uwanja huru, haya. Na hapo hapo 2021 akatolewa na Minnesota Duluth 3-2 baada ya nyongeza tano, mechi ndefu kuliko zote kwenye historia ya mtoano wao. Mungu naye ana utani.

Watu. Hapa ni kamari. Ukipata timu tatu za karibu, ukumbi unajaa na kelele zinagawanyika, inakuwa tamu kuliko hata nyumbani. Ukipata nne za mbali, mashabiki wana siku tatu za kutafuta ndege na ruhusa kazini, utaona viti. Hoki wamelalamikia hili miaka nenda rudi, mechi za maana zinachezwa kwenye kumbi zilizo nusu tupu, na kila baada ya muda makocha wanarudisha hoja ya kuzipeleka raundi za mwanzo vyuoni. Kikapu cha wanaume hakilii sana kwa sababu kina TV, na mtu wa mji huo anakata tiketi hata kama hamjui mchezaji hata mmoja, anaenda kuangalia mashindano ya Machi. Jiulizeni kwa unyoofu kama mashindano yenu yana mtu wa aina hiyo. Ya kwetu huku Iowa ya vyuo vidogo mimi naona hayana.

Hela. Ukumbi wa kukodi una bei, na bei sio ukumbi tu, kuna walinzi, kuna mafundi, kuna sakafu ya kuletwa. Kinachowaokoa wakubwa ni kwamba miji mingi ya Marekani ina ofisi ya kuvutia michezo, wanachangia kwa sababu hoteli na migahawa inajaa. Mji wenu kama una ofisi hiyo ombeni, ila mjue watauliza mnaleta wageni wangapi wa kulala, na mkisema mia mbili simu inakatwa kiungwana.

Vitanda na safari. Nzuri, maana mji mkubwa na vyumba vimeshikwa mwaka mmoja kabla. Kila mtu anasafiri lakini, hakuna anayelala kwake, kwaiyo bili ya mabasi ya umoja mzima inapanda.

Kuna hatari nyingine ndogo ambayo haionekani mpaka siku yenyewe. Ukumbi ambao hauchezewi mchezo huo wa chuo kila wiki una makosa ambayo hakuna jicho la kuyaona. Machi 2024 pale Portland, ukumbi wa NBA kabisa, kituo cha wanawake, Texas na NC State wanajiandaa kucheza ndo inagundulika mstari wa pointi tatu upande mmoja haulingani na wa upande mwingine. Mechi nyingine zilikuwa zimeshachezwa hapo siku zilizotangulia. Makocha wakaambiwa tusubiri mtu aje arekebishe au tucheze, wakakubali kucheza hivo hivo. Kwenye uwanja wa chuo kocha wa pale angeliona hilo jumatatu.

Muda. Hapa hakuna mpinzani, unajua miaka kabla.

Inamfaa nani: mashindano ambayo tayari yana jina lake, yanayouzwa kwenye TV, au ambako vyuo vinachukiana kiasi kwamba hakuna atakayekubali kwenda kwa mwenzake. Msicheke, zipo.

Njia ya tatu: mji mmoja, kila mwaka

Watu. Naanzia hapa makusudi maana ndo roho ya njia hii. Fainali za besiboli za vyuo zimekuwa Omaha, Nebraska, tangu 1950. Kwanza Rosenblatt, kuanzia 2011 uwanja mpya mjini ambao sasa unaitwa Charles Schwab Field. Ni masaa manne na kidogo kwa gari kutoka kwangu, nimeenda mara mbili. Watu wa Omaha mara nyingi hawana timu yao humo, wanachagua moja siku hiyo hiyo, mara nyingi ile kibonde, wanaishangilia kama wameizaa. Familia zinapanga likizo ya mwezi wa sita kufuata ratiba, baba alienda na babu, mtoto anaenda na baba. Zaidi ya watu laki tatu wanaingia kwa mashindano ya siku kama kumi. Wachezaji hawasemi tunaenda fainali, wanasema tunaenda Omaha. Hilo jina limejengwa kwa kukaa sehemu moja, ungelihamisha kila mwaka lisingekuwepo.

Haki. Hapa nimeona kitu ambacho sijamsikia mtu akikisema wazi. Mji wa kudumu ni wa haki pale tu ambapo chuo cha jirani hakitishi. Omaha ina Creighton, wanachezea uwanja huo huo msimu mzima, lakini wamefika fainali mara moja tu, 1991. Nebraska wa Lincoln wapo jirani, wamefika 2001, 2002 na 2005, mji ukawa mwekundu kwa rangi yao, wakaondoka bila kombe. Kwaiyo miaka zaidi ya sabini hakuna mtu wa kulalamika kwa nguvu. Mbio za nyika nazo zimerudi Terre Haute, Indiana, mara nyingi sana, na wenyeji Indiana State sio tishio, ndo maana Wakenya waliona raha pale, Sam Chelanga 2009 na 2010, Lawi Lalang 2011, Edward Cheserek 2013 na 2014, wote kwenye nyika ile ile, wageni wote sawa.

Sasa geuza upande. Softiboli ipo Oklahoma City tangu 1990, ukiacha mwaka mmoja. Chuo cha Oklahoma kipo Norman, nusu saa kwa gari. Miaka yao ya kawaida hakuna aliyejali, ila walipobeba kombe mara nne mfululizo, 2021 mpaka 2024, mashabiki wa kwingine wakaanza kuuliza hivi hii fainali ni ya nani. Mimi naamini wangebeba hata mwezini, walikuwa timu ya kutisha, ila shaka ikishaingia haitoki. Riadha nako, Cheserek huyo huyo alikuwa anasoma Oregon, na ubingwa wake wa uwanjani wa 2014, 2015 na 2016 alichukulia Eugene, nyumbani kabisa, jukwaa zima linamwita jina. Kwenye riadha inasameheka kidogo kwa sababu saa haina kabila. Doris Lemngole ni wa Alabama na alienda Eugene hiyo hiyo Juni 2025 akakimbia mita 3000 za viunzi na maji chini ya dakika tisa, nani atakwambia alionewa. Kikapu kina refa, sio saa.

Hela. Mwaka wa kwanza na wa pili mtaumia, wa tano mnaanza kula, kwa sababu wadhamini wa mji wanawajua, mkataba ni mrefu, bei mnaijadili mara moja. Vitanda hivyo hivyo, hoteli zinajua wiki yenu. Muda hauna cha kusema, unajua mpaka utakapostaafu. Safari ndo kuna yule mmoja wa pembeni ya ramani ambaye kila mwaka, kila mwaka, ni yeye anayekaa masaa saba kwenye basi, na akinung'unika anaambiwa ni mila.

Inamfaa nani: fainali, au nne bora. Mashindano yanayotaka kuwa na sikukuu yake. Na umoja wenye mji wa katikati ambao chuo chake, kama kipo, ni vibonde wa kudumu au hakipo kwenye umoja.

Kuna ya nne, kuwakusanya wote sehemu moja kwa mpigo. 2021 kwa ajili ya Covid wanaume wote walikaa Indiana, wanawake San Antonio. Ilifanya kazi, mashindano yaliisha, ila timu ya wanaume ya VCU walirudi nyumbani bila kucheza hata mechi moja kwa sababu ya vipimo, na mchezaji mmoja wa Oregon akapiga video ya chumba cha mazoezi cha wanawake, kirundo kimoja cha vyuma vidogo, dunia nzima ikaona wanaume wamewekewa nini na wao nini. Kama umoja wenu una wanaume na wanawake, chochote mtakachochagua, chagueni sawa kwa wote wawili.

Sasa kwa hali yako

Kama vyuo vyote vipo ndani ya masaa matatu ya basi na bajeti inapumulia mashine, pelekeni kwa aliyemaliza juu, raundi zote. Vyuo vidogo vya daraja la tatu la NCAA vinaishi hivo, wanatazama nani anaweza kumfikia nani kwa basi ndani ya maili 500 kisha ndo wanapanga. Ila wekeni sharti la vitanda: chuo kisichoweza kuonyesha vyumba kadhaa vilivyoshikwa ndani ya nusu saa ya ukumbi kinampisha anayefuata kwenye msimamo, hata kama ni bingwa. Wataona mnawaonea mwaka wa kwanza tu.

Kama ni vyuo viwili vile vile vinaongoza kila mwaka na wengine wameshaanza kuzungumza kujitoa, changanyeni, robo fainali kwa wenye nafasi za juu, nusu fainali na fainali kwenye ukumbi huru. Mpira wa Kimarekani unafanya karibu na hivo, raundi ya kwanza chuoni alafu wanaenda kwenye viwanja vya bowl, zile mechi kubwa za mwisho wa msimu zinazochezwa uwanja huru. Bingwa wa msimu anapata zawadi yake, na mwenye nafasi ya nne hafi akiwa hajawahi kucheza fainali mahali pasipo pa mtu.

Kama mna mji wa katikati unaowataka kweli, sio mji mnaoutaka nyie, anzeni na mkataba wa miaka mitatu. Msisaini kumi kwa furaha. Angalieni msimamo wa miaka kumi iliyopita wa chuo kilicho karibu na mji huo kabla hamjashika kalamu.

Kama mwenyeji mtarajiwa ana ukumbi mzuri kuliko wote lakini mji wake una hoteli mbili, ukumbi mzuri haulali watu.

Na kama bado mpo njia panda, pigeni simu hoteli kabla ya kupiga kura. Jamaa yangu nilimpa hiyo kazi jumatatu, jumatano kanijibu. Ule mji ambao kundi la ukumbi wa kukodi walikuwa wanaupigia debe vikao vyote viwili, wikiendi wanayoitaka kuna mashindano ya mieleka ya watoto, na hapa Iowa mieleka ya watoto ni kama harusi ya mfalme, vyumba vyote vimeshachukuliwa. Anasema kikao cha tatu ni alhamisi, na atakwenda na orodha ya hoteli tu, hana hotuba.